Richard Codey alifikaje ugavana bila kuugombea? Kisa cha New Jersey na jimbo lisilokuwa na naibu gavana

Kila gavana anapong'olewa nchini Kenya, swali la kwanza huwa ni lile lile: sasa nani anachukua? Machi 2025 Kawira Mwangaza alipopoteza kiti cha Meru, jibu lilikuwa jepesi, kwa sababu naibu wake Isaac Mutuma aliapishwa na kazi ikaendelea. Lakini Desemba 2020, Mike Sonko alipoondolewa Nairobi, wengi walipigwa na butwaa. Aliyekula kiapo cha kukaimu hakuwa naibu. Alikuwa spika wa bunge la kaunti, Benson Mutura. Ubishi ukawaka: mtu wa kutunga sheria anaingiaje City Hall, ofisi ya gavana wa Nairobi, kutawala? Mpaka leo wapo wanaoamini kuwa ile ilikuwa njama tupu.

Sheria ilikuwepo, na ilifuatwa. Ili kuona vizuri mantiki yake, pamoja na hatari zake, hakuna mfano ninaoupenda kuliko wa jimbo la New Jersey nchini Marekani na mwanasiasa wake Richard Codey. Huyu alikuwa mtu wa siasa za jimbo tu. Hakuwahi kuwa mbunge wa Washington, hakuwahi kuwa waziri, na hakuwahi kushinda uchaguzi wa ugavana. Hata hivyo aliongoza jimbo lenye watu zaidi ya milioni 8 kwa miezi 14, na kabla na baada ya hapo akaliongoza tena kwa vipindi vifupi.

Tuanze na maneno yenyewe, maana mkanganyiko mwingi unaanzia hapo.

Gavana nchini Marekani ni mkuu wa serikali ya jimbo. Majimbo ni 50, na kila moja lina katiba yake, bunge lake na mahakama zake. Gavana huchaguliwa na wapiga kura wa jimbo. Rais aliyeko Washington hamteui na hana uwezo wa kumfukuza. Kwa msomaji wa Tanzania aliyezoea kuona mkuu wa mkoa akiteuliwa na Rais na kutenguliwa kwa taarifa ya usiku, hili linahitaji kushikwa mapema: gavana wa jimbo si mtumishi wa Rais. Akijiuzulu au akifa, mrithi wake hupatikana kwa katiba ya jimbo, na White House haina la kusema.

Bunge la New Jersey lina sehemu mbili: Seneti yenye wajumbe 40 na bunge la chini lenye wajumbe 80. Hii Seneti ni ya jimbo, isichanganywe na ile ya Washington. Anayeiongoza huitwa rais wa Seneti, na kazi yake ni ile tunayoijua kama ya spika. Huongoza vikao, na zaidi ya hapo huamua mswada upi uletwe, lini, na upi ubaki kabatini mpaka usahaulike. Kaimu gavana naye ni yule anayeshika madaraka ya gavana wakati kiti kiko wazi au mwenyewe hawezi kufanya kazi.

Sasa tuje kwenye tatizo. Katiba ya New Jersey ya mwaka 1947 ilimpa gavana nguvu kubwa kuliko ilivyo katika majimbo mengi. Ndiye anayemteua mwanasheria mkuu, ndiye anayependekeza majaji, na ana kura ya turufu inayomruhusu hata kufuta kifungu kimoja kimoja cha bajeti. Pamoja na mamlaka yote hayo, waandishi wa katiba hawakumwekea naibu. Waliandika kwamba kiti kikiwa wazi, rais wa Seneti ashike kazi, asipokuwepo, spika wa bunge la chini, na kadhalika. Tena hawakumtaka rais wa Seneti aache kazi yake ya kwanza.

Chukua matatu isiyo na dereva wa akiba. Dereva akishuka njiani, makanga anakaa kwenye usukani, huku bado ndiye anayekusanya nauli, anayepanga abiria na anayeamua gari lisimame wapi. Gari litafika. Lakini hakuna tena mtu wa pili wa kumwambia punguza mwendo. Hiyo ndiyo New Jersey ilivyokuwa, na makanga aliyekalia usukani kwa muda mrefu ni Codey.

Alizaliwa mwaka 1946 katika mji wa Orange, kaunti ya Essex, katika familia iliyoendesha biashara ya mazishi. Kazi hiyo aliijua tangu ujanani: kwenda kuchukua maiti, kukaa na wafiwa, kuzungumza na watu katika siku yao mbaya kuliko zote. Nadhani ni shule nzuri ya siasa kuliko vyuo vingi, kwa sababu mfanya mazishi wa mji hujua kila ukoo. Mwaka 1973, akiwa na miaka 26, alichaguliwa kuingia bunge la chini kwa tiketi ya chama cha Democratic. Mwaka 1982 akahamia Seneti, na hakutoka bungeni mpaka Januari 2024. Nusu karne kamili, rekodi ambayo hakuna mbunge mwingine wa jimbo hilo aliyeifikia.

Kama unataka kujua alikuwa mtu wa aina gani kabla ya umaarufu, tazama alichofanya mwaka 1987. Kulikuwa na hospitali ya serikali ya wagonjwa wa akili mahali paitwapo Marlboro, na malalamiko juu ya namna wagonjwa walivyotunzwa yalikuwa mengi. Codey alikuwa seneta. Angeweza kuitisha kikao, akawahoji wakuu wa hospitali mbele ya kamera na kurudi nyumbani. Badala yake aliomba kazi pale hospitalini kwa jina la mtu mwingine, mtu mwenye rekodi ya uhalifu, ili aone kama kuna yeyote anayechunguza watu wanaopewa dhamana ya kukaa usiku na wagonjwa wasioweza kujitetea. Hakuna aliyechunguza. Akapewa kazi, akaingia wodini, akajionea kwa macho yake. Alipotoka na kueleza, hapakuwa na mkubwa wa kusema kwamba seneta anatia chumvi. Hospitali hiyo ilifungwa mwaka 1998.

Ninalisema hili kwa sababu wapo wanaomwelezea Codey kama mtu aliyeokota ugavana barabarani. Alisubiri miaka karibu 30 bungeni kabla ya kufikia urais wa Seneti. Mlango wa ugavana ulifunguliwa na ajali za wengine, sawa, lakini ni lazima uwe umesimama pale mlangoni.

Mara ya kwanza ulifunguka kwa namna ambayo hata wenyeji wa New Jersey huona tabu kuieleza. Januari 2001 gavana Christine Todd Whitman alijiuzulu kwenda kuongoza idara ya mazingira katika serikali ya George W. Bush. Rais wa Seneti wa wakati huo, Donald DiFrancesco wa chama cha Republican, akakaimu kwa karibu mwaka mzima. Novemba wananchi wakamchagua James McGreevey awe gavana, aapishwe tarehe 15 Januari 2002. Lakini bunge jipya lilianza wiki moja kabla, tarehe 8. DiFrancesco hakuwa tena seneta siku hiyo, na kwa kuwa alikuwa kaimu gavana kwa sababu tu ya kiti chake cha Seneti, kiti kilipokwisha na ukaimu ukaisha. Kwa muda wa kama dakika 90, mpaka bunge lipate viongozi, aliyekuwa kaimu gavana ni mwanasheria mkuu, John Farmer.

Haikuishia hapo. Seneti mpya iligawanyika sawasawa, 20 kwa 20, kwa hiyo vyama vikakubaliana kuwa na marais wawili wa Seneti kwa pamoja: John Bennett wa Republican na Richard Codey wa Democratic. Na wiki ile iliyobaki ya ugavana? Wakaigawana katikati. Bennett alikaimu mpaka tarehe 12, Codey akapokea mpaka McGreevey alipoapishwa tarehe 15. Watu watano walishika madaraka ya gavana ndani ya siku 8. Hapakuwa na mapinduzi wala vurugu, wala mtu aliyevunja sheria. Katiba ilifuatwa neno kwa neno, na matokeo yakawa hayo.

Ungedhani wiki kama hiyo ingetosha kuwashtua wabunge waandike upya kifungu. Hawakufanya hivyo, mpaka lilipotokea kubwa zaidi.

Tarehe 12 Agosti 2004, McGreevey alisimama mbele ya waandishi wa habari, mkewe pembeni, akatangaza kwamba yeye ni shoga, kwamba amekuwa na uhusiano nje ya ndoa na mwanamume, na kwamba atajiuzulu. Dunia nzima iliichukua habari hiyo. Jambo ambalo wengi hawakuliona ni tarehe aliyoitaja ya kuondoka: 15 Novemba, yaani miezi mitatu baadaye.

Kwa nini asiondoke siku ile ile? Katiba ilisema kwamba kiti kikiwa wazi zaidi ya siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu wa Novemba, wananchi wapige kura ya gavana mpya katika uchaguzi huo huo. Kikiwa wazi ndani ya siku hizo 60 au baada yake, kaimu anaendelea hadi uchaguzi unaofuata. Mwaka 2004 mpaka wa siku 60 uliangukia mwanzoni mwa Septemba. McGreevey angetoka Agosti, uchaguzi ungeitishwa upesi. Kwa kungoja Novemba, aliihakikishia Democratic kwamba muda uliobaki wa muhula, hadi Januari 2006, utashikwa na mtu wa chama chake. Wapinzani walilalamika na wengine wakaenda mahakamani, wasifaulu. Kisheria ilikuwa halali. Kwa maoni yangu haikuwa haki kwa mpiga kura. Kosa hilo, hata hivyo, tumhesabie aliyepanga tarehe. Codey, ambaye kufikia wakati huo alikuwa rais wa Seneti peke yake, hakuchaguliwa na McGreevey kumrithi. Angekuwa rais wa Seneti ni Mrepublican, kiti kingeenda kwa Mrepublican.

Basi tarehe 15 Novemba 2004 Codey akawa kaimu gavana, akibaki rais wa Seneti. Hapa ndipo palipo na uzito wa mambo, na pamesahauliwa kwa sababu kashfa ya mtangulizi wake ilikuwa na mvuto zaidi.

Fuata safari ya mswada mmoja. Kwa kawaida rais wa Seneti anaamua uletwe au usiletwe. Ukipita pande zote mbili za bunge, unakwenda kwa gavana, naye anausaini au anaukataa. Akiukataa, unarudi bungeni, na theluthi mbili ya wajumbe wanaweza kumshinda. Katika kila hatua kuna watu wawili wenye maslahi tofauti wanaotazamana. Mwaka 2005 watu hao wawili walikuwa mmoja. Codey aliweza kuamua mswada ujadiliwe, kisha akausaini yeye mwenyewe. Ni hivyo hivyo kwa majaji: gavana anapendekeza jina, Seneti inalithibitisha, na anayepanga ratiba ya Seneti ni yule yule aliyependekeza jina. Makamu wa Rais wa Marekani huongoza Seneti ya Washington kwa jina, lakini hana kura ila idadi zikilingana. Codey alikuwa na kura, ratiba na saini.

Hii ndiyo sababu nakataa ile dhana kwamba kaimu ni mtu wa kulinda ofisi tu, wa kusaini barua na kungoja mwenyewe. Inategemea katiba imeandikwaje. Kaimu wa New Jersey alikuwa na mamlaka yote ya gavana, na juu yake akawa na ya bunge. Nchi nzima ya Marekani wakati ule hapakuwa na mkuu wa jimbo aliyekusanya nguvu kiasi hicho mkononi mwake.

Alizitumiaje? Amri yake ya kwanza kabisa ilikuwa ya kuunda kikosi cha kuchunguza huduma za afya ya akili katika jimbo. Kumbuka Marlboro. Mkewe, Mary Jo Codey, alikuwa ameugua sonona baada ya kujifungua na alikuwa anaizungumzia hadharani wakati wanawake wengi walinyamaza kwa aibu. Mtangazaji mmoja wa redio alipomdhihaki hewani kwa ugonjwa huo, Codey alimkabili ana kwa ana. Mwaka 2005 ukaanzishwa mfuko wa dola milioni 200 wa kujenga nyumba za watu wenye mahitaji maalumu, wakiwemo wenye maradhi ya akili. Mwanzoni mwa 2006, siku mbili kabla ya kuondoka, alisaini sheria ya kupiga marufuku sigara katika mikahawa, baa na sehemu nyingi za kazi. Ukiwa na nguvu za bunge na za serikali pamoja, mambo huenda mbio. Ndiyo faida yake. Kwa bahati ya watu wa New Jersey, aliyekuwa na nguvu hizo alikuwa na jambo la maana la kufanya. Mwingine angeweza kuzitumia kuwanyanyasa mahasimu, na kizuizi kingekuwa chembamba sana.

Watu walimpenda. Wengi walitaka agombee mwaka 2005. Januari mwaka huo alitangaza kwamba hatagombea. Mshindani ndani ya chama angekuwa Jon Corzine, seneta wa Washington na mkuu wa zamani wa kampuni ya Goldman Sachs, aliyetumia zaidi ya dola milioni 60 za mfukoni mwake kuupata useneta mwaka 2000. Mtoto wa mfanya mazishi angeshindana vipi na mfuko kama huo? Corzine akashinda Novemba, akaapishwa tarehe 17 Januari 2006, na Codey akarudi kwenye kiti chake cha Seneti ambacho kusema kweli hakuwahi kukiacha.

Kabla hajaondoka lilitatuliwa swali moja lililowasumbua watu: je, yeye alikuwa gavana, au kaimu tu? Mapema Januari 2006 ilipitishwa sheria kwamba aliyekaimu kwa siku 180 au zaidi ahesabiwe gavana kamili, na ihesabiwe kuanzia 2001. Kwa hiyo DiFrancesco na Codey wote wawili wamo kwenye orodha rasmi ya magavana. Bennett na Farmer hawamo. Ukiona kitabu kimoja kinamwita Codey kaimu na kingine gavana, sababu ni hiyo, na vyote viwili viko sahihi kwa wakati wake.

Aprili 2007 mlango ukafunguka tena. Corzine alipata ajali mbaya ya gari kwenye barabara kuu ya Garden State Parkway, akiwa hajafunga mkanda, akavunjika mifupa kadhaa na kulazwa akiwa mahututi. Codey akaitwa kukaimu kwa wiki kama nne mpaka Corzine alipoweza kurudi kazini mwezi Mei.

Wakati huo dawa ilikuwa imeshapatikana ila haijaanza kufanya kazi. Novemba 2005, siku ile ile walipomchagua Corzine, wapiga kura walikubali kurekebisha katiba na kuanzisha cheo cha naibu gavana. Utaratibu wake hautampa taabu Mkenya: mgombea ugavana huenda kwa wananchi na mwenzake, wakachaguliwa pamoja. New Jersey iliongeza jambo moja zuri, kwamba gavana ampe naibu idara ya kuiongoza, asikae tu akingoja bosi augue. Naibu wa kwanza, Kim Guadagno, aliingia kazini Januari 2010 pamoja na gavana Chris Christie. Mwezi huo huo Codey alipoteza urais wa Seneti kwa Stephen Sweeney wa chama chake mwenyewe, akabaki seneta wa kawaida kwa miaka mingine 14.

Je, naibu gavana amelimaliza tatizo? Si lote. Agosti 2023 gavana Phil Murphy alikuwa likizoni Italia na naibu wake, Sheila Oliver, ndiye aliyekuwa anakaimu. Oliver akaugua ghafla na kufariki. Aliyeshika kazi kwa siku hizo alikuwa rais wa Seneti, Nicholas Scutari, kwa njia ile ile ya Codey. Tofauti ni kwamba katiba sasa inampa gavana siku 45 za kujaza nafasi ya naibu, na Murphy alimteua Tahesha Way ndani ya muda huo.

Hapo tunaweza kurudi Nairobi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilimwekea gavana naibu tangu siku ya kwanza, na kifungu cha 182 kinasema naibu humalizia muhula. Wote wawili wasipokuwepo, spika anakaimu na uchaguzi unafanyika ndani ya siku 60. Siku 60, wakati Codey alikaa miezi 14. Kwenye karatasi tulikuwa mbele ya New Jersey. Ila naibu wa Sonko, Polycarp Igathe, alijiuzulu Januari 2018, na mwaka huo huo Mahakama ya Juu ilishauri kwamba gavana apendekeze naibu mpya ndani ya siku 14 na bunge la kaunti limpigie kura ndani ya siku 60. Nairobi ilikaa bila naibu mpaka gavana mwenyewe akang'olewa, karibu miaka mitatu baadaye. Kwa hiyo Mutura aliapishwa tarehe 21 Desemba 2020 kwa sababu ile ile iliyomwapisha Codey: kiti cha katikati kilikuwa kitupu. Anne Kananu aliidhinishwa kuwa naibu Januari 2021, uchaguzi uliokuwa umepangwa Februari haukufanyika, na baada ya kesi ndefu akaapishwa kuwa gavana Novemba mwaka huo. Wananchi wa Nairobi, kama wale wa New Jersey mwaka 2004, hawakupiga kura hata moja katikati ya hayo yote.